Mtoto Aliyeua Ahukumiwe Kama Nani?

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 2 Septemba 2017, moto uliteketeza bweni moja katika Shule ya Wasichana ya Moi jijini Nairobi, na wanafunzi 10 wakapoteza maisha. Aliyefikishwa kortini alikuwa mwanafunzi mwenzao wa Kidato cha Kwanza, msichana wa miaka 14, ambaye alisomewa mashtaka 10 ya mauaji. Mahakama Kuu haikuridhika kwamba alidhamiria kuwaua wenzake. Ikampata na hatia ya kuua bila kukusudia, na Februari 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 5.

Miaka 5 kwa roho 10 ni miezi 6 kwa kila roho. Hesabu hiyo haina nafasi katika sheria, kwa maana adhabu haigawanywi namna hiyo, lakini ndiyo hesabu ambayo mzazi yeyote aliyezika binti angeipiga, na anayeipuuza hajaanza kuwaelewa wanaodai kwamba mtoto anayetenda kosa la mtu mzima ahukumiwe kama mtu mzima. Upande wa pili nao una hoja yake nzito. Msichana wa miaka 14 haruhusiwi kupiga kura, kuolewa, kununua pombe wala kuendesha gari, kwa sababu taifa zima limekubaliana kwamba akili yake haijakomaa kiasi cha kuaminiwa na maamuzi hayo. Iweje ihesabiwe kuwa imekomaa siku anapovunja sheria?

Sheria ya Kenya imejaribu kusimama katikati ya pande hizi. Kwa miongo mingi Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kutoka kwa mkoloni, iliweka umri wa kuwajibika kijinai kuwa miaka 8, yaani mtoto wa darasa la pili au la tatu angeweza kusimamishwa kizimbani. Sheria ya Watoto ya 2022 iliupandisha umri huo hadi miaka 12, na ikaongeza kwamba mtoto aliye kati ya miaka 12 na 14 achukuliwe kuwa hana uwezo wa kupambanua jema na baya hadi korti ithibitishiwe kinyume chake. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilikuwa imeshauri mnamo 2019 kwamba umri huo usipungue miaka 14. Juu ya yote kuna Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo na mbali na watu wazima. Adhabu ya kifo na kifungo cha gerezani kwa mtoto zilikuwa zimekwisha kukatazwa na Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika bweni lile lilipoungua. Msomaji makini atauliza basi ile miaka 5 ilitoka wapi. Swali hilo nitalirudia, kwa kuwa naona ndiko kiini cha matatizo kilipo.

Nianze na wanaotaka usawa wa adhabu kati ya mtoto na mtu mzima, ambao mara nyingi hudhihakiwa kwamba wanasukumwa na hasira tu. Hoja yao yenye nguvu zaidi inahusu kupanga. Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa ndani ya chumba chao usiku, wakamwagiwa petroli na kuchomwa hadi kufa. Kitendo cha namna hiyo hakitokani na pupa ya dakika moja. Petroli hutafutwa, huingizwa shuleni kwa siri, hufichwa; saa huchaguliwa; mlango hufungwa. Mwanafunzi anayeweza kuyapanga hayo yote, wanasema, anaweza pia kuona mwisho wake, na kumwambia mzazi wa kiranja kwamba muuaji alikuwa bado ana miezi michache kabla ya kutimiza miaka 18 ni kumtonesha kidonda. Kwa nini anayeua wiki moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa alindwe, na anayeua wiki moja baada yake akabiliwe na kifungo cha maisha?

Kuna hoja ya pili ambayo watetezi wa watoto huikwepa. Watu wazima wanaijua sheria, na wanaitumia. Katika mitaa ya Kisauni na Likoni, Mombasa, ambako makundi ya vijana wenye mapanga yamewahangaisha wakazi kwa miaka, wakazi wamelalamika mara kwa mara kuhusu umri mdogo wa wanaoshika mapanga hayo. Anayewatuma hupata faida mara mbili: mtoto haogopi, na akikamatwa, korti itamwachilia mapema kuliko ambavyo ingemwachilia aliyemtuma. Kila tunapopandisha umri wa kuwajibika bila kumkaza anayewatumia watoto, tunampa mhalifu mkubwa sababu nyingine ya kutafuta mikono midogo. Sioni jibu la haraka kwa hoja hii, ila kusema kwamba tiba yake ni kumwandama mtumaji, si kumfunga aliyetumwa kwa miaka mingi zaidi.

Ama kuhusu hoja kwamba adhabu kali itawatia wengine hofu, hapo ndipo upande wa usawa unapolegea. Wimbi la moto shuleni lilipozuka 2016, shule zaidi ya 100 ziliungua, ilhali kuchoma jengo kwa makusudi ni kosa ambalo adhabu yake ya juu nchini ni kifungo cha maisha. Mwaka 2021 moto ulirudi. Idara ya Upelelezi wa Jinai iliwaonya wanafunzi kwamba rekodi zao zingehifadhiwa na zingewafuata hadi siku ya kuomba cheti cha tabia njema, naye aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akapendekeza kiboko kirudishwe shuleni, miaka 20 baada ya kupigwa marufuku. Shule ziliendelea kuungua. Marekani ililijaribu jambo hili kwa upana zaidi: katika miaka ya 1990 majimbo mengi yalirahisisha njia ya kuwapeleka watoto katika mahakama za watu wazima, kwa imani kwamba wangeogopa. Jopo la wataalamu lililopitia tafiti zilizokuwepo, na ambalo matokeo yake yalichapishwa na taasisi ya afya ya umma ya nchi hiyo, CDC, mnamo 2007, lilihitimisha kwamba watoto waliohamishiwa huko kwa jumla walirudia uhalifu wa kutumia nguvu zaidi ya wale waliobaki katika mfumo wa watoto. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kufuta adhabu ya kifo kwa watoto mwaka 2005, na mwaka 2012 ikakataza sheria zinazowalazimisha majaji kuwafunga watoto maisha bila uwezekano wa kuachiliwa.

Sababu ya kimaumbile inafahamika vyema sasa. Sehemu ya ubongo inayozuia pupa na kupima matokeo ya mbali huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, na upungufu huo hujitokeza hasa mbele ya rika. Kijana wa miaka 16 akiwa peke yake, ametulia, anaweza kufikiri karibu sawa na mtu mzima. Mweke kwenye bweni la wanafunzi 80 wenye hasira kuhusu mitihani ya majaribio, na mambo yatabadilika. Hoja ya kupanga haifutiki kwa maelezo haya, lakini inapungua uzito, kwa sababu kupanga pamoja na wenzako jambo ambalo hakuna anayethubutu kulipinga ndiko hasa kunakofanana na ujana. Ubongo huohuo ndio sababu mtoto hubadilika upesi kuliko mtu wa miaka 40, na anayempa mtoto adhabu ya mtu mzima anamwadhibu mtu ambaye, kufikia katikati ya kifungo chake, hatakuwepo tena.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto awajibike kikamilifu kwa ukweli wa alichokitenda, lakini asiadhibiwe sawa na mtu mzima. Ukweli ni haki ya wafiwa. Wana haki ya kusikia kortini, hatua kwa hatua, jinsi watoto wao walivyokufa, na kusikia jaji akitamka nani alisababisha. Watetezi wengine wa watoto wangependa kesi nzito nazo ziondolewe kortini kimyakimya na kupelekwa kwenye mashauriano, kama sheria ya 2022 inavyoruhusu kwa makosa madogo. Kwa wizi wa simu au vita vya uwanjani, hilo ni jambo jema na lingepaswa kufanyika mara nyingi zaidi. Kwa vifo vya watu 10, hapana.

Lakini kuwajibika sawa kukishatajwa, kuwe kwa wote waliohusika. Moto wa Kyanguli, Machakos, ulioua wavulana 67 Machi 2001, uliwashwa na mkono wa mtu. Hata hivyo, idadi ile kubwa ya vifo ilitokana pia na mlango uliofungwa kwa nje na madirisha yaliyokuwa na vyuma. Bombolulu, Kwale, mwaka 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni. Baada ya misiba hiyo serikali iliandaa mwongozo wa usalama shuleni, wa 2008, unaokataza vyuma madirishani na kuagiza milango ifunguke kwa nje, na anayetembelea shule za bweni leo bado atakuta madirisha yenye vyuma na vitanda vilivyobanana hadi mlangoni. Endarasha, Nyeri, wavulana 21 walikufa Septemba 2024. Ni vigumu kumhubiria mtoto wa miaka 15 kuhusu matokeo ya vitendo vyake katika nchi ambayo mtu mzima anayeacha mlango wa dharura umefungwa huishia kuhamishwa kituo.

Kuna pia mahali ambapo usawa wa maandishi huumiza waziwazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 15 kwa anayefanya ngono na mtoto wa miaka 16 au 17, na imewahi kumfikisha kortini mvulana wa umri uleule na msichana aliyekuwa mpenzi wake, yeye akiwa mshtakiwa na msichana akiwa mlalamishi. Sheria inayowahesabu watoto wawili kuwa mmoja mhalifu na mwingine mwathiriwa kwa tendo walilolifanya kwa hiari yao inahitaji kuandikwa upya.

Hata kabla ya kufika kwenye adhabu, kuna suala la nani ni mtoto. Wengi wanaokamatwa hawana vyeti vya kuzaliwa. Hati ya mashtaka huandikwa kwamba mshtakiwa ni mtu mzima, yeye husema ana miaka 16, na hakimu huagiza apelekwe hospitali kukadiriwa umri. Daktari hutazama meno, hasa kama magego ya mwisho yameota, pengine na picha ya mifupa, kisha huandika makadirio. Makadirio hayo yanaweza kukosea kwa mwaka au zaidi, na juu yake hutegemea kama kijana atalala na watoto wenzake au na watu wazima, na kama atapelekwa Shikusa au Shimo la Tewa katika taasisi za Borstal, yaani za kuwarekebisha vijana waliokosa, ambako muda hauzidi miaka 3, au gerezani. Mtoto wa aliyejiweza, mwenye cheti na wakili, hapitii mlango huu kabisa.

Sasa nirudi kwenye ile miaka 5. Kanuni zilizoambatana na Sheria ya Watoto ya 2001 ziliagiza kwamba kesi ya mtoto inayosikilizwa na mahakama ya ngazi ya juu ikamilike ndani ya miezi 12 tangu mshtakiwa ajibu mashtaka, la sivyo ifutwe. Agizo hilo halikufuatwa kwa ukali, na kwa kesi ya mauaji naelewa kwa nini: hakuna jaji ambaye angetaka kumwachilia mshtakiwa wa vifo 10 kwa sababu ya kalenda. Lakini tangu moto hadi hukumu ilipita zaidi ya miaka 4. Aliyetenda kosa akiwa na miaka 14 alisimama mbele ya jaji kusikia adhabu akiwa ameshapita miaka 18, umri ambao Borstal haimpokei na shule ya kurekebisha tabia haimtambui, na marufuku ya kumfunga mtoto haikumkinga tena. Njia nyingine ya zamani, ya kumzuilia mtoto muuaji kwa muda usiojulikana kwa ridhaa ya Rais, Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo 2017. Jaji alibaki na gereza, au kumwachilia aende nyumbani.

Pengo hili linaweza kuzibwa bila kungoja tumalize kubishana kuhusu usawa. Bunge linaweza kuipa mahakama mamlaka ya kumweka aliyekosa akiwa mtoto katika taasisi maalumu hadi atimize, tuseme, miaka 23, huku korti ikilipitia faili lake kila mwaka na kuzisikiliza familia za waliokufa kabla ya kuamua kama ataachiliwa. Mahakama Kuu nayo inaweza kuziweka kesi za mauaji zinazowahusu watoto mbele ya foleni, zisikilizwe mfululizo siku baada ya siku, badala ya kutajwa leo na kuahirishwa hadi baada ya miezi minne.