Wosia wa George Washington: mjane, ardhi na watu waliosubiri

George Washington aliandika wosia wake kwa mkono wake mwenyewe katika kurasa 29, akautia tarehe 9 Julai 1799, na akafariki Desemba 14 mwaka huo huo. Hakumshirikisha mwanasheria, jambo analolitaja ndani ya waraka wenyewe, na akaweka sharti kwamba ugomvi wowote juu ya maana ya maneno yake uamuliwe na watu watatu wasioegemea upande, kila upande ukimteua mmoja na hao wawili wakimteua wa tatu. Wanaousifu wosia huo huanza na uhuru wa watumwa, na wanaoukosoa huanza hapo hapo. Naona ni vyema kutazama ardhi kwanza, kwa kuwa watumwa nao waliwekwa chini ya utaratibu ule ule.

Martha, mjane wake, aliachiwa matumizi na faida ya takriban mali yote kwa muda wote wa uhai wake. Wengine wangechukua baada yake. Washington hakuwa na mtoto wa kumzaa. Nyumba ya Mount Vernon, makazi yake katika jimbo la Virginia, na zaidi ya ekari 4,000 zilimwendea Bushrod, mtoto wa mdogo wake. Ekari zipatazo 2,000 zikaenda kwa Nelly, mjukuu wa Martha, na mumewe Lawrence Lewis. Na sehemu kubwa ya mali iliyobaki iliamriwa iuzwe, fedha zigawanywe mafungu 23 kwa jamaa.

Wapo wanaosema kwamba mgawanyo wa namna hiyo uliidhoofisha Mount Vernon. Bushrod alirithi nyumba kubwa bila fedha za kuitunza, na mwaka 1858 ukoo uliiuza pamoja na ekari 200 kwa chama cha akina mama kwa dola 200,000. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba udongo ule ulikuwa umechoka zamani, hata Washington akaacha tumbaku na kulima ngano tangu miaka ya 1760. Tena alikuwa ameonja utaratibu wa kinyume chake. Baba yake alipofariki mwaka 1743, ardhi ambayo baadaye iliitwa Mount Vernon ilimwendea kaka yake Lawrence, na yeye, mtoto wa miaka 11, akapewa shamba dogo zaidi. Lawrence alipofariki, George aliikodi ardhi hiyo kutoka kwa mjane wa kaka yake kuanzia 1754, na haikuwa yake hadi mjane huyo alipofariki mwaka 1761. Virginia ilifuta haki ya mzaliwa wa kwanza ya kurithi ardhi mwaka 1785, na kwa upande wa ardhi wosia huu unakwenda na roho ya sheria hiyo. Sioni kosa hapo. Hata panga zake aliwagawia watoto watano wa ndugu zake, akiwasihi wasizichomoe kumwaga damu ila kwa kujilinda au kwa kuitetea nchi na haki zake.

Tatizo linaanza pale haki ya mjane ilipowafunika watu. Watumwa 123 waliokuwa mali ya Washington walitakiwa kuwa huru baada ya kifo cha Martha. William Lee peke yake, mtumishi wake wa miaka mingi, aliachwa huru papo hapo na kuwekewa dola 30 kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ya kuwasubirisha wengine ni kwamba walikuwa wameoana na watumwa wa mirathi ya Custis, mume wa kwanza wa Martha, waliofikia 153, ambao Washington hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kuwaacha huru. Huruma hiyo haikuwa ya uongo, na wazee walioachwa huru waliendelea kulipiwa matunzo na mirathi hadi 1833. Lakini kuahirisha hakukuzuia familia kutenganishwa. Kulisogeza tu siku yake mbele. Isitoshe, kulimweka Martha mahali pabaya, akiishi kati ya watu ambao uhuru wao ulingoja kifo chake. Abigail Adams, mke wa Rais John Adams, aliyemtembelea, aliandika kwamba Martha hakuona maisha yake kuwa salama mikononi mwao. Martha akawaacha huru Januari 1, 1801, na mwaka uliofuata, alipofariki, wale wa Custis waligawanywa kwa wajukuu wake wanne.

Anayemtetea Washington atasema hakuwa na fedha taslimu za kuwanunua hao 153, na ni kweli kwamba ardhi zake za magharibi ziliuzwa kwa shida. Hata hivyo orodha aliyoiambatisha na wosia, ambayo haikuhesabu Mount Vernon wala watumwa, ilikadiria mali kuwa dola 530,000. Kama sehemu ya thamani hiyo ingetengwa ili kuwaomba warithi wa Custis wawauze watu hao, huenda wangekataa; lakini wosia haukuagiza hata waombwe, na mafungu yote 23 yalikwenda kwa jamaa.