Maldivi au Bonaire? Papa Wasikupumbaze

Mzamiaji mpya akiuliza aende kisiwa gani kwa likizo yake ya kwanza ya maana, jibu huja upesi: Maldivi. Huko ndiko kwenye manta (taa wakubwa wa baharini), papa potwe, na papa wa kijivu kwa makundi. Bonaire ikitajwa, hutajwa kama kifuta jasho: kijisiwa kikavu cha Karibiani chini ya Uholanzi, kimejaa mipungate, fukwe za mchanga za kuhesabu, na samaki wakubwa ni wa kubahatisha. Yote hayo ni kweli. Ninalolikataa ni hitimisho lake.

Sifa za Maldivi hazina ubishi. Maji ya bahari kuu huingia na kutoka kwenye atoli (pete za visiwa na matumbawe) kupitia milango iliyo kati ya visiwa, na penye mkondo ndipo penye chakula, ndipo papa wanapojipanga. Mwaka 2010 kuvua papa kulipigwa marufuku nchini humo. Kusini mwa atoli ya Ari papa potwe huonekana mwaka mzima. Anayetaka picha ya kutundika ukutani hana haja ya kwenda Bonaire kabisa.

Ila hebu tuone mzamio wenyewe wa mlangoni unavyokwenda. Mnaruka kutoka kwenye boti, mnashuka haraka kabla mkondo haujawapitisha, mnafika kwenye ukingo wa mwamba wa matumbawe mita 25 au 30 chini, mnajishikiza, mnasubiri. Sheria ya Maldivi inakomesha uzamiaji wa burudani kwenye mita 30, na cheti cha kwanza cha uzamiaji kwa kawaida hukomea mita 18. Kwa hiyo mgeni ama anaachwa kwenye boti, ama anapelekwa penye kina kinachomzidi.

Halafu kuna hesabu ya hewa, ambayo wauza safari hawaigusi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Weka akiba ya bar 50, zinabaki 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji atavuta 40 akiwa mita 10, maana shinikizo limekuwa mara mbili. Hapo ana dakika 45. Akiwa mita 30 shinikizo ni mara nne, anavuta 80, na dakika zinashuka hadi 22. Na huyo ni mtu mtulivu. Mgeni aliyeshika mwamba huku mkondo ukimpiga kifuani havuti lita 20, anahema. Hewa yake ikikaribia kwisha, mara nyingi kundi zima hugeuza pamoja naye. Amevuka nusu ya dunia ili azame kwa dakika chache kiasi hicho, na sehemu kubwa ya dakika hizo macho yake yalikuwa kwenye kipimo cha hewa, si kwa papa.

Bonaire hesabu hiyo inamnufaisha. Upande wa magharibi umekingwa na upepo, na mwamba uko hatua chache kutoka barabarani. Ukingo wake unaanzia karibu mita 10, na matumbawe na samaki wengi wako hapohapo au juu zaidi. Kando ya barabara kuna mawe ya manjano yaliyoandikwa majina ya sehemu za kuzamia. Unakodi pikapu, unapakia mitungi, unasimama penye jiwe ulipendalo, unavaa, unaingia kwa miguu. (Moja ya sehemu hizo inaitwa 1000 Steps, yaani Ngazi Elfu, lakini ngazi zake hazifiki hata mia, ingawa ukipanda na mtungi mgongoni utaliamini jina.) Hakuna wa kukuambia panda juu, boti inaondoka. Ukitaka kukaa nusu saa ukimtazama pweza mmoja akibadilisha rangi, ni wewe na mwenzako tu.

Uhuru huo umelindwa na masharti yaliyoanza zamani. Kuvua kwa mkuki kulikatazwa 1971, na hifadhi ya bahari ikaanzishwa 1979, ikizunguka kisiwa chote hadi kina cha mita 60. Nanga hazitupwi kwenye matumbawe, boti hufungwa kwenye maboya. Glavu haziruhusiwi, maana mwenye glavu hushika kila kitu. Usiku, samaki warefu wa rangi ya fedha waitwao tarponi hukufuata ubavuni, wanangoja tochi yako imulike samaki mdogo, kisha wanamrukia. Baada ya mara mbili tatu unaanza kuchunga unakomulika.

Bonaire nayo ina madoa yake. Mwaka 2023 ugonjwa unaoyeyusha nyama ya matumbawe magumu uliingia, na baadhi ya sehemu zikafungwa kwa muda. Anayesubiri sana atakuta matumbawe machache kuliko anayekwenda mapema. Maldivi nayo ilichomwa na joto la bahari mwaka 1998 na tena 2016, kwa hiyo hapa hakuna wa kumcheka mwenzake. Wezi wa Bonaire wanajua wazamiaji wako chini ya maji, ndiyo maana magari huachwa matupu na vioo vikiwa wazi. Mwenzi asiyezama atachoka upesi. Na uhuru bila kiongozi unahitaji akili: mteremko unaendelea kushuka hata pale cheti chako kilipokoma.

Watetezi wa Maldivi watanikumbusha kwamba hoteli nyingi huko zina mwamba wake pembeni, nao huingiwa kwa miguu vilevile. Sawa, ila ni mwamba mmoja kwa wiki nzima, wakati Bonaire ina sehemu zaidi ya 50 za kuingilia kutoka nchi kavu.

Kwa hiyo mwenye cheti kipya aende Bonaire, ajifunze kuelea bila kupigapiga mikono, na Maldivi aifuate akiwa na mizamio ya kutosha mwilini. Ninamtoa mmoja tu: yule ambaye roho yake iko kwa manta peke yao. Huyo aende Hanifaru, kwenye atoli ya Baa, wanakokusanyika kula wakati wa kusi. Na huko mitungi imekatazwa. Wote, bingwa na mgeni, huwatazama wakielea juu kwa miwani na mrija.