Kopo la dawa na ndoo ya unga

Rafiki yangu ana utaratibu wake kila akirudi kliniki na dawa zake za VVU. Anafunga mlango, anamimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni, anabandua karatasi yenye jina lake, kisha anatoka kwenda kulitupa kopo jalala la mtaa wa pili. Vidonge anavificha kwenye ndoo ya unga. Kopo linachakacha ukilibeba, na katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, mlio ule watu wameshaujua. Ameniruhusu niandike haya, jina nisilitaje.

Anaishi Mbagala. Kituo chenye CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, hakizidi dakika kumi kwa miguu, lakini dawa anazifuata upande mwingine wa Dar es Salaam, daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Pale karibu, benchi la CTC linatazamana na dirisha la chanjo, na majirani zake wote hupeleka watoto pale. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yake, benchi linaitoa. Dawa zenyewe, ARV, ni bure, nashukuru. Ila siku ya kliniki anafunga genge, na mama mwenye nyumba hakosi kuuliza, "Leo tena wapi?"

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake wa miaka 15 na zaidi, wanaume asilimia 3. Na mara nyingi mke ndiye anayejua kwanza, kwa kuwa hupimwa akiwa mjamzito. Kujua kwanza kunageuzwa kosa: "Umeyatoa wapi?"

Yeye alipobeba mimba, mumewe aligoma kumsindikiza. Hudhurio la kwanza akarudishwa: alete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ieleze kwa nini hana mwenza. Akakaa nyumbani wiki tatu akiiogopa ofisi ile. Wiki tatu ana virusi, hajui, na mtoto yuko tumboni! Kumhimiza baba aje kliniki naunga mkono kwa moyo wote. Kumrudisha mama kwa sababu baba amekataa, hapana, na wanaofanya hivyo waache leo. Mtoto, namshukuru Mungu, hana virusi. Ana miaka mitano na anajua kuandika jina lake.

Halafu kuna saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linasema hatari yake kwa mwanamke mwenye VVU ni mara sita ya asiye navyo. Kipimo cha siki, kinachopakwa kwenye mlango wa kizazi ili uangaliwe, ni cha dakika chache. Rafiki yangu amemeza dawa miaka mitatu kabla hajaambiwa apime, na alipoambiwa ikawa siku nyingine, jengo jingine, nauli nyingine. Kwa nini asipimwe siku ileile ya dawa? Na kwa nini asipewe dawa za miezi sita kwa mkupuo, wakati virusi vyake havionekani tena kwenye vipimo?

Tarehe yake ni Alhamisi ijayo. Nimeshaomba ruhusa kazini, nitamshikia genge.