Kufuma, Kufumua na Kufumaniwa

Kazi yangu ni uhasibu, na katika kazi hiyo nimewahi kukesha siku mbili nikilitafuta kosa la tarakimu moja hadi nikalipata. Nalitaja jambo hili mapema ili ieleweke ni kwa nini, siku ile mama mkwe wangu alipotoa mkobani kisweta cha kroshia alichokuwa akimfumia mjukuu aliyekuwa bado tumboni, sikuona haya kutamka mbele ya watu wote kwamba mashine ingeimaliza kazi ile kwa dakika tano, tena bila makosa.

Mama mkwe aliiteremsha miwani yake hadi ncha ya pua. Kwa upole ule ambao hunitia hofu kuliko ukali, alinieleza kwamba ufumaji wa sindano mbili ulipata mashine zake tangu karne ya 16, lakini kroshia halisi, ya sindano moja yenye ndoano, haijapata mashine ya kiwandani mpaka leo, na kwamba kila kitambaa cha kroshia nitakachokiona kimepita katika vidole vya mtu. "Lakini kama wewe mwanangu unaiona ni kazi ya dakika tano," akamalizia, "basi kofia ya mtoto tumekuachia wewe."

Shemeji yangu, mama mtarajiwa, alicheka hadi akalishika tumbo. Mke wangu hakucheka, kwa kuwa ananijua.

Nilinunua uzi mweusi wenye manyoya marefu kwa sababu ulikuwa unang'aa, na nikachukua sindano ya kroshia ya milimita 2 kwa sababu kichwa cha mtoto mchanga ni kidogo. Hoja hiyo ya pili bado naiona ina mantiki. Tatizo ni kwamba kroshia nzima imesimama juu ya jambo moja, nalo ni kukiona kitanzi unachotaka kukiingizia sindano, na katika uzi mweusi wenye manyoya hakuna kinachoonekana. Watu husema juu ya kutafuta sindano gizani. Mimi sindano nilikuwa nayo mkononi, na kilichopotea ni vitu vingine vyote. Nilipotaka kufumua, manyoya yalikuwa yameshikana kama ndugu waliokataa kugawana urithi, ikabidi niite mkasi. Siku ya tatu nilirudi dukani kimyakimya nikachukua uzi laini wa pamba, wa rangi ya manjano, na sindano ya milimita 4.

Zoezi la kwanza lilikuwa kitambaa cha mraba. Nilianza na mnyororo, nikaufumia safu ya mishono 20, nikageuza kazi, nikaendelea. Kufikia safu ya 10 mraba ulikuwa umekwisha kuwa pembetatu. Nilihesabu, nikakuta mishono 11. Nikahesabu tena, maana mhasibu hahesabu mara moja, na bado ilikuwa 11. Katika maisha yangu ya kazi nimewaandikia watu barua kali kwa upotevu mdogo kuliko huo. Ilinichukua jioni mbili kumgundua mwizi: mshono wa mwisho wa kila safu hujificha pembeni, umelala kidogo, nami nilikuwa nikiuruka kila mara kwa kuamini kwamba safu imekwisha. Mshono mmoja kila safu, safu tisa, mishono tisa. Wizi wa kitaalamu kabisa, na mwizi ni mimi mwenyewe.

Kisha kulikuwa na suala la mkono. Mimi hukaza. Nilikaza uzi hadi sindano ikawa haiingii popote, na mara mbili nilitumia meno, jambo ambalo sikulikuta katika maelekezo yoyote. Hapo ndipo nilipoanza kutazama video za mwalimu mmoja wa Marekani, mama mwenye sauti laini kama pamba yenyewe, ambaye huwaita wanafunzi wake wote "mpenzi". Kwa kuwa nilitaka kumshangaza kila mtu, akiwemo mke wangu, nilijifunza usiku wa manane, sebuleni, taa zimezimwa isipokuwa mwanga wa simu.

Mke wangu aliamka kwenda kunywa maji. Alichokisikia akiwa ukumbini, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa sauti ya mwanamke ikisema kwa Kiingereza cha taratibu: "Vizuri sana, mpenzi. Sasa legeza mkono. Usiwe na haraka, tuna usiku mzima." Na sauti ya mumewe ikijibu, kwa kuhema kidogo: "Nimelegeza, lakini bado inanikatalia."

Aliwasha taa. Mimi nilifanya lile ambalo mtu asiye na hatia hapaswi kulifanya, yaani niliificha simu chini ya mto na sindano chini ya paja. Sindano ya kroshia ina ndoano nchani, na ndoano hiyo ikaniingia kwenye pajama, hivyo nilipotaka kusimama nijieleze nilisimama nikiwa nimeburura uzi, pajama na kitambaa cha kochi kwa pamoja. Simu haikunyamaza. Kutoka chini ya mto ilituaga ikisema, "Tutaonana kesho, mpenzi." Nadhani mimi ni miongoni mwa waume wachache waliofumaniwa wakifuma.

Baada ya kuuona ushahidi wa manjano na kuukagua pande zote, mke wangu aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba afadhali angenikuta na mtu. Akaenda kulala.

Sasa nifike kwenye kofia yenyewe. Maelekezo niliyoyapata yaliandikwa Uingereza, na yalinivutia kwa kuwa yalikuwa tarakimu tupu: anza na mishono 6 katika duara, mzunguko wa pili iwe 12, wa tatu 18, na uongeze 6 kila mzunguko mpaka ifike 54, halafu usiongeze tena, fuma mizunguko 12 mingine. Nilijihisi nipo nyumbani. Yalisema mishono yote iwe ya "maradufu", nami maradufu nilikuwa nimefundishwa na mama yule wa Marekani: unazungusha uzi kwanza, unaingiza sindano, unavuta, unapitisha vitanzi viwili, kisha viwili tena, na unapata mshono mrefu, wima, wa kupendeza. Nilifuma wiki tatu. Kila mzunguko nilihesabu mara mbili na kuweka alama ya vema kwenye karatasi. Haukupotea mshono hata mmoja.

Nakiri kwamba kuanzia mzunguko wa nne niliona kofia inachongoka. Nilitegemea kuona kitu bapa kama kisahani, na mkononi nilikuwa na kitu kama faneli. Lakini hesabu zilikuwa sahihi, na miaka yote nimewafundisha vijana ofisini kwamba hesabu zikiwa sahihi, basi hali halisi itajirekebisha yenyewe. Nikajiambia itanyooka ikivaliwa.

Mtoto alizaliwa salama, na siku tuliyokwenda kumwona nyumba ilikuwa imejaa. Nilisubiri watu watoe zawadi zao, kisha nikatoa yangu kutoka kwenye mfuko wa karatasi, polepole, na nikaendelea kuitoa, maana ilikuwa na urefu wa sentimita 25. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili, akamvisha mwanawe. Mdomo wa kofia ulikaa barabara kichwani, kwa kuwa mishono 54 ilikuwa ndiyo hasa inayotakiwa. Juu ya hapo ikapanda, ikapanda, ikaishia katika ncha kali iliyosimama bila msaada wowote kwa sababu ya ule mkono wangu wa kukaza. Mtoto alikuwa amelala, na kwa uso ule wa utulivu alifanana na mchawi mstaafu.

Hakuna aliyecheka, na huo ndio ukimya mbaya kuliko vyote. Mzee mmoja aliuliza kwa heshima kama kofia ile ni ya kuzuia mvua.

Mama mkwe aliivua, akaigeuza ndani nje, akaanza kuhesabu kwa ukucha wa kidole gumba. "Nani alikufundisha, mwanangu?"

"Walimu wawili, Mama. Mmoja wa Marekani, maelekezo ya Uingereza."

Akafumba macho kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa. Kumbe mshono mfupi, ambao Wamarekani huuita "wa moja", Waingereza huuita "maradufu", na ule mrefu ambao Wamarekani huuita "maradufu", Waingereza huuita "wa tatu". Jina moja, mishono miwili tofauti. Ukiongeza 6 kila mzunguko kwa mshono mfupi, duara linalala bapa. Mshono mrefu unalisukuma duara nje kwa kasi ya karibu mara mbili, kwa hiyo unahitaji nyongeza ya 12, na ukiunyima hujikunja na kuchongoka. "Hesabu zako ni sahihi kabisa," alisema, na hilo lilinifariji kwa muda wa pumzi moja. "Umezifanya kwa fedha ya nchi nyingine."

Kisha akauona mkia wa uzi. Maelekezo yalikuwa yamesema ncha ikatwe, ivutwe ndani ya kitanzi cha mwisho, kisha ifichwe kwa kushonwa huku na huku. Mimi nilikuwa nimeikata na kuichomeka tu. Kroshia huacha kitanzi kimoja pekee kilicho wazi, na kitanzi hicho kisipofungwa, kazi yote inaning'inia juu yake. Mama mkwe aliushika ule mkia kwa vidole viwili, akaniuliza, "Niruhusu?", na kabla sijajibu akavuta.

Sikuwahi kujua kwamba kati ya kufuma na kufumua kuna herufi moja tu. Mizunguko 21 ilifunguka mmoja baada ya mwingine kwa sauti kama ya zipu, huku jamaa wakitazama na shemeji akikunja uzi kuwa donge. Wiki tatu ziliondoka kwa dakika zisizozidi tano, na mama mkwe hakuwa na haja ya kunikumbusha ni nani aliyeitaja dakika tano kwanza.

Alinipa donge na sindano yake mwenyewe, akanikalisha kwenye kigoda pembeni yake. "Mshono mfupi," alisema. "Hesabu kwa sauti." Nikaanza, mbele ya wageni: moja, mbili, tatu. Nyuma yangu nilimsikia shemeji akimnong'oneza dada yake ilikuwaje asijue kwa wiki zote hizo kwamba mumewe anafuma.

"Nilidhani ana mwanamke," alijibu mke wangu.

"Na ulipogundua hana?"

"Niliendelea kutumaini."

Nikapoteza hesabu, nikaanza upya.