Moto wa Mei si adui wa nyumba yako

Kila kiangazi, watu wa Lubumbashi tuliojenga porini, kwenye barabara ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi, tunarudia malalamiko yaleyale: wanakijiji wanachoma pori, kwa nini serikali isikataze kabisa? Nami nimejenga huko, lupango langu, yaani kiwanja changu, limezungukwa na miti ya mitondo na miputu, na malalamiko hayo yamenichosha. Moto unaozuiwa Mei huja Septemba, na ule wa Septemba hauombi njia.

Moto wa miombo, msitu wetu huu wa mitondo na miputu, kwa kawaida hupita chini. Chakula chake ni nyasi, majani yaliyopukutika na vijiti vikavu. Ni nadra kupanda hadi vileleni. Mvua zinakatika Aprili, nyasi zikiwa zimemzidi mtu kimo. Ukiwasha mwisho wa Mei au Juni, mashina ya nyasi bado yana unyevu, moto unatambaa, unaruka sehemu hapa na pale, na baridi ya usiku na umande vinaumaliza. Ngoja hadi Septemba: kila kitu kimekauka, jua ni kali, upepo umeamka. Tena ndio wakati miputu inatoa majani yake mapya mekundu, kabla hata mvua haijanyesha. Moto unaokuja hapo unaua machipukizi na miche mingi, kisha unaelekea kwenye nyumba.

Hili lilipimwa zamani. Huko Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa chache tu kama foleni ya malori mpakani Kasumbalesa haijakushika, watu wa misitu walianza jaribio mwaka 1933. Sehemu moja ya miombo ilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyingine mapema, nyingine ikakingwa isiguswe na moto. Iliyochomwa kwa kuchelewa iligeuka uwanja wa nyasi wenye miti michache sugu. Iliyochomwa mapema ilibaki msitu. Iliyokingwa ilifunga zaidi, ni kweli, lakini ile ilikuwa na watu wa kuilinda mwaka hadi mwaka. Wewe una sentineli (mlinzi) mmoja na ndoo mbili.

Basi kazi ianze Mei. Kuzunguka nyumba, fyeka nyasi na ufagie hadi udongo uonekane, upana wa hatua kumi na zaidi. Upande wa mteremko ongeza, maana moto unapopanda mlima hukimbia. Nje ya hapo ndipo unachoma, saa kumi jioni, siku isiyo na upepo, ukianzia upande ambao moto utalazimika kurudi kinyume na hewa. Watu wanne au watano wenye matawi mabichi wanatosha, na maji karibu. Usichome lupango lote kila mwaka: badilisha vipande, nyuki na sungura nao wana haki ya kujificha.

Halafu itazame nyumba yenyewe. Wengi wanaogopa ukuta wa ndimi za moto, kumbe mara nyingi kinachounguza nyumba ni cheche. Zinasafiri na upepo, zinaingia chini ya bati, zinatua kwenye majani makavu ya mfereji wa paa, kwenye kuni ulizopanga ukutani, kwenye magunia ya makala (makaa ya kupikia) barazani. Payoti ya nyasi, kile kibanda kizuri cha kunywea bia Jumapili, ikiwa imegusana na nyumba ni utambi. Ihamishe. Sisemi ibomoe.

Kuhusu nani anawasha: mchoma makala ambaye tanuru limemtoroka, anayesafisha shamba jipya, vijana wanaowinda panya, mpita njia na sigara yake. Wote wapo. Lakini hao wanaoitwa waharibifu ndio wanaojua moto kuliko sisi wenye kuta za matofali. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye makala yake yamepikia bukari (ugali) nusu ya mtaa mjini, ndiye ninayemwomba aangalie upepo kabla sijawasha kiberiti. Tunamlipa, kama tunavyomlipa fundi yeyote. Wakati wa mvua mkewe anauza uyoga kando ya barabara, na uyoga ule unaishi kwa mizizi ya miti hiyohiyo. Miti ikifa, naye hana cha kuuza. Familia hiyo haihitaji semina juu ya kulinda msitu.

Tatizo kubwa zaidi ni malupango yaliyofungwa. Mtu amenunua hekta, amezungusha waya, ameweka kufuli, yuko mjini au Ulaya. Nyasi za miaka mitatu zimelala humo, na sentineli ameambiwa asiguse kitu. Hilo ndilo ghala la moto la kijiji kizima. Napendekeza jambo ambalo wenye hati hawatalipenda: ikifika mwisho wa Mei na mwenyewe hajafyeka mipaka yake, chifu awaite majirani, mlango ufunguliwe, ukanda wa mpaka uchomwe mbele ya mashahidi, na mwenye lupango aletewe hesabu ya vibarua. Akikasirika, aje. Angalau tutakuwa tumemwona.