X11 iondolewe, lakini mtuage kwanza

Kompyuta zetu ni za Linux, na X11 ni mfumo wake wa zamani wa kuonyesha madirisha na kupokea kibodi na kipanya; sasa unaondolewa, nafasi yake inachukuliwa na Wayland. Dogo ninayefanya naye kazi hapa stesheneri, mtaani Chikongola, Mtwara, aliniuliza juzi: "Braza, X11 imewakosea nini? Si inafanya kazi?" Sikumjibu. Nikafungua terminali, dirisha la kuandika amri, kwenye kompyuta ya wateja, nikawasha xinput, programu inayoonyesha vitufe vinavyobonyezwa, nikamwambia aende kwenye kivinjari aandike neno la siri la uongo. Akaandika korosho. Kule kwenye terminali, dirisha ambalo hakuligusa hata kidogo, zikaanza kushuka namba: 45, 32, 27, 32, 39, 43, 32. Kila herufi na namba yake. K ni 45, o ni 32, hesabu mwenyewe. Akanyamaza.

X11 ilitoka MIT, Marekani, mwaka 1987, na mpaka leo programu yoyote iliyofunguliwa inaweza kusikiliza kibodi nzima bila kubisha hodi. Kwenye laputopu yako ya nyumbani huenda usijali. Hapa kompyuta moja kwa siku inakaliwa na mwalimu anayeomba uhamisho, karani wa AMCOS (ushirika wa wakulima) anayetafuta barua pepe yake, binti anayejaza fomu ya mkopo wa chuo. Wote wanaandika maneno yao ya siri kwenye kibodi ileile.

Kwa hiyo GNOME 49, dawati maarufu la Linux, ilipoizima X11 Septemba 2025, na Ubuntu 25.10, toleo la Linux, ikaiondoa kwenye dawati lake kuu mwezi uliofuata, mimi nilifurahi, maana Wayland hairuhusu programu kusikiliza kibodi ya mwenzake. Programu za zamani bado zinapita kwenye XWayland, daraja la kuendeshea programu za X11 ndani ya Wayland. Kweli, humo ndani zinachunguliana zenyewe kwa zenyewe, ila kivinjari kilichoko upande wa Wayland hazikifikii.

Maumivu yapo, na mimi yamenigusa. Nina skripti ya xdotool (programu inayobofya na kuandika badala yako) niliyoihangaikia wiki mbili: inafungua programu ya picha, inapanga picha nane za pasipoti kwenye karatasi moja, inabofya chapa, mimi naendelea na mteja mwingine. Haisogezi hata kidirisha kimoja kilichoko upande wa Wayland. Nilikasirika, halafu nikacheka, maana skripti yangu ilikuwa ikiishi kwenye tundu lilelile ninalolilaumu.

Ninachodai kwa wenye distro, yaani watoaji wa matoleo ya Linux kama Ubuntu, ni taarifa tu, mapema, na pa kujihifadhi. Ubuntu 24.04 bado inakupa Xorg, programu inayoendesha X11, pale kwenye kigurudumu cha ukurasa wa kuingia, na inahudumiwa hadi 2029. Huo ni uungwana. Wanaotaka X11 ibakizwe milele wataje fundi atakayeihudumia. Wengi wa waliokuwa wakiitengeneza Xorg wako Wayland siku nyingi.

Mashine za wateja nimezihamishia Wayland zote. Ile ya kona nimeiacha na 24.04 na Xorg yake, kwa ajili ya picha za pasipoti, na juu ya kioo kuna karatasi: KUCHAPA TU. USIINGIZE NENO LA SIRI. Dogo ndiye aliyeiandika.