Panya alidungwa sindano, mgonjwa anakorogewa kikombe

Mtu akiumia uti wa mgongo, kikombe cha kiungo cha manjano hakichelewi kufika kitandani. Wanaokileta hawajabuni: kurkumini, kiini chenye rangi cha manjano, imewasaidia panya wengi wa maabara kurudisha nguvu za miguu. Lakini kati ya panya yule na kikombe cha mgonjwa kuna mambo mawili yanayodondoka njiani: saa ya kuanza dawa na kipimo chake.

Jeraha hili huja kwa awamu mbili. Kwanza pingili, yaani mfupa wa mgongo, inauponda ugwe wa neva, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, na hilo huisha papo hapo. Kisha, kuanzia dakika hizo hadi wiki kadhaa, mishipa midogo ya damu huvuja, glutamati, kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari, humwagika na kuua neva zilizonusurika, na seli nyeupe huvamia: nyutrofili kwa wingi karibu siku ya kwanza, makrofaji baadaye. Kurkumini hubana NF-kB, swichi ya ndani ya seli inayowasha kemikali za mcharuko, yaani ule uvimbe na joto la mwili unaojihami baada ya kuumia. Ndiyo maana katika majaribio mengi panya huanzishiwa dozi mapema sana, mara nyingi kwa sindano ya tumboni. Anayeanza miezi mitatu baada ya kuumia anakuta kovu limeshajijenga.

Kipimo ndicho kinachonikera zaidi. Tuseme panya alipewa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Ukigawa kwa 6.2, kama inavyofanywa kuhamisha dozi ya panya kwenda kwa binadamu, unapata takriban 32. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 2.3 za kurkumini safi. Unga wa manjano una kama asilimia 3 tu, kwa hiyo angehitaji gramu 75 za unga kwa siku, na hapo tumejifanya kwamba yote inaingia kwenye damu. Haiingii. Utumbo na ini huibadilisha na kuitoa upesi.

“Basi ongeza pilipili manga.” Kweli, jaribio la mwaka 1998 lilionyesha kuwa miligramu 20 za piperini, kiini kikali cha pilipili manga, pamoja na gramu 2 za kurkumini ziliongeza ufyonzwaji wake mara 20 kwa binadamu. Ila mara 20 ya kitu kilichokuwa karibu na sifuri bado ni kidogo. Tena piperini hufanya hivyo kwa kuzuia vimeng'enya vilevile vinavyovunja dawa nyingine, kwa hiyo dawa za kifafa kama fenitoini au karbamazepini zinaweza kupanda kwenye damu. Kurkumini ya vidonge nayo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, na mgonjwa aliyepooza kwa kawaida yuko kwenye sindano za kuzuia damu kuganda miguuni.

Hata dawa kali ya kuzima mcharuko imeshindwa kutimiza ahadi. Methiliprednisoloni ilienea baada ya mwaka 1990: miligramu 30 kwa kilo ndani ya dakika 15, kisha 5.4 kwa kilo kila saa kwa saa 23, ikianzwa ndani ya saa 8 tangu kuumia. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani ulishauri isitumiwe, kwa madhara kama maambukizi na kutokwa damu tumboni. Tena kuzima mcharuko wote si faida tupu: makrofaji wale wale tunaowalaumu ndio pia wanaosafisha mabaki ya neva zilizokufa.

Sisemi utafiti usimame. Nataka kurkumini ya kupitia mshipani, ianzwe ndani ya saa chache, kwa wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Bila kundi hilo la pili hatujui kitu, maana wengi ambao ugwe wao haukukatika kabisa hupata nafuu wenyewe katika miezi ya mwanzo, na sifa zote huchukuliwa na kikombe.

Kwa sasa saa za mwanzo zitumike kutuliza shingo na mgongo visisogezwe, kulinda shinikizo la damu lisishuke, na kuondoa kinachobana ugwe ndani ya saa 24 inapowezekana. Aliyekwisha kuanza vidonge vya kurkumini amwambie daktari, hasa kabla ya upasuaji. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aviache siku hiyo hiyo na ini lipimwe.